Ulimi na Kisasi: Lugha Nne katika Filamu Inglourious Basterds

Katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, imesimuliwa habari ya Wagileadi walioshika vivuko vya Yordani baada ya kuwashinda Waefraimu. Kila mkimbizi aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitoa sauti ya kwanza ya neno hilo kama itolewavyo na Wagileadi. Alisema Sibolethi, akakamatwa, akauawa papo hapo. Idadi ya waliokufa imetajwa kuwa watu 42,000. Wanafunzi wa lugha wameipenda habari hii tangu zamani, kwa sababu yaonyesha ya kwamba sauti moja ndogo yaweza kuwa mpaka baina ya uhai na mauti.

Makala haya yahusu kazi ya zama zetu iliyojengwa juu ya jambo hilo hilo. Ni filamu iitwayo Inglourious Basterds, iliyotungwa na kuongozwa na Quentin Tarantino wa Marekani, nayo ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi wa Mei 2009. Watu wengi huijua kuwa filamu ya vita iliyojaa damu na kicheko, ihusuyo Wayahudi waliojilipizia kisasi kwa Manazi katika Ufaransa iliyotekwa. Hayo ni kweli. Walakini mtu aliyezoea kusikiliza lugha hatakawia kuona ya kwamba mazungumzo yake ni mengi kuliko risasi zake, na ya kwamba karibu kila afaye ndani yake amekwisha kushindwa kwa ulimi kabla ya kushindwa kwa bunduki. Nia yetu ni kulieleza jambo hilo, kisha kuuliza swali linalotuhusu sisi: kazi ya namna hii yaweza kufasiriwa kwa Kiswahili bila ya kuvunjika?

MASIMULIZI KWA UFUPI

Filamu ina sehemu tano. Sehemu ya kwanza ni ya mwaka 1941. Kanali Hans Landa wa kikosi cha SS, aliyepewa jina la Mwindaji wa Wayahudi, afika nyumbani kwa mfuga ng'ombe Mfaransa aitwaye LaPadite, ambaye ameificha jamaa ya Dreyfus chini ya sakafu. Wote wauawa ila msichana mmoja, Shosanna, anayekimbia. Sehemu ya pili yatujulisha kikosi kidogo cha askari Wayahudi wa Marekani chini ya Luteni Aldo Raine, mtu wa milima ya Tennessee. Kazi yao ni kuwatisha Manazi: huwaua na kuwachuna ngozi za vichwa, na yule wanayemwacha hai humkata alama ya swastika juu ya kipaji cha uso.

Katika sehemu ya tatu tumefika mwaka 1944. Shosanna, kwa jina la kubuni, ni mwenye jumba la sinema mjini Paris, na Manazi wanalichagua jumba lake kwa maonyesho ya filamu ya kuwasifu askari wao. Shosanna na mpenzi wake Marcel, mtu mweusi aendeshaye mashine ya sinema, wakusudia kuwafungia ndani na kuwachoma kwa moto wa filamu za naitreti zipatazo 350. Sehemu ya nne yaeleza hila ya Waingereza ya kulilipua jumba lilo hilo, na sehemu ya tano yakutanisha hila zote mbili katika usiku mmoja. Mwisho wake si ule uliomo katika vitabu vya historia: Hitler na Goebbels wafia ndani ya jumba la sinema, hali kwa kweli Hitler alijiua Berlin tarehe 30 Aprili 1945, na Goebbels akamfuata siku ya pili yake.

CHINI YA SAKAFU

Filamu nyingi za vita zilizotengenezwa Marekani na Uingereza hazikujali lugha. Mjerumani alisema Kiingereza, Mfaransa alisema Kiingereza, na tofauti yao ilikuwa katika lafudhi tu. Hata Ernst Lubitsch, aliyezaliwa Berlin, alipotengeneza mwaka 1942 kichekesho chake juu ya waigizaji wa Warsaw waliowahadaa Manazi, aliwapa watu wote Kiingereza. Mtazamaji alikubali desturi hiyo kama akubalivyo kuta za karatasi katika mchezo wa jukwaani.

Tarantino aliitumia desturi hiyo kuwa mtego. Landa aanza kusema na mfugaji kwa Kifaransa safi. Baada ya kitambo asema ya kwamba Kifaransa chake kimemwishia, aomba ruhusa waendelee kwa Kiingereza. Mtazamaji hucheka kidogo moyoni, akidhani hii ni njia ya mtengenezaji kuwapunguzia Wamarekani taabu ya kusoma maandishi chini ya picha. Hapana. Walio chini ya sakafu hawajui Kiingereza. Landa amewaziba masikio kwa kubadili lugha, na mbele yao, juu ya vichwa vyao, amlazimisha mwenyeji kuwatoa. Kisha arudia Kifaransa, na maneno ya kumuaga mwenyeji yanakuwa ndiyo ishara kwa askari wake wapige risasi sakafuni. Waliomo chini wasikia kwaheri, na wasiojua lililosemwa kabla yake waidhani ni kwaheri.

Jambo la kutisha zaidi ni adabu ya mtu huyo. Landa haingii kwa nguvu. Aomba ruhusa kuingia, aomba ruhusa kuketi, aomba maziwa badala ya mvinyo, aomba ruhusa kuvuta kiko chake, na mwisho aomba ruhusa kubadili lugha. Msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja uzito wa jambo hili, kwa sababu lugha yetu imefunga wajibu mkubwa katika maneno mawili, hodi na karibu. Aliyepiga hodi na kuitikiwa karibu amekuwa mgeni, na baina ya mgeni na mwenyeji kuna ahadi isiyoandikwa. Twasema mgeni njoo mwenyeji apone. Landa ni mgeni ambaye kuja kwake ni maangamizi ya waliomo nyumbani, naye hakuvunja hata kanuni moja ya adabu alipokuwa akiyatenda.

VIDOLE VITATU

Sehemu ya nne yafanana zaidi na habari ya vivuko vya Yordani. Luteni Archie Hicox, Mwingereza aliyekuwa mhakiki wa filamu za Kijerumani kabla ya vita, avaa sare ya afisa wa Kijerumani na kukutana na mpelelezi, mwigizaji Bridget von Hammersmark, katika baa iliyo chini ya ardhi kijijini. Hicox ajua Kijerumani kwa ufasaha, lakini lafudhi yake si ya mahali popote pajulikanapo. Afisa wa Gestapo, Hellstrom, amsikia na kumwuliza atoka wapi. Hicox atoa uwongo mzuri: asema amezaliwa katika kijiji kilicho chini ya mlima Piz Palü, huko Uswisi, ambako watu wote husema namna hiyo, na ya kwamba yeye na ndugu zake walionekana katika filamu ya mwaka 1929 iliyopigwa mlimani huko. Elimu yake ya sinema yamwokoa ulimi wake kwa muda.

Kisha aagiza bilauri tatu. Ainua kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Mjerumani, ahesabupo kwa vidole, huanza na kidole gumba. Tatu kwake ni gumba, shahada na cha kati. Hellstrom aona, na mazungumzo yamekwisha. Baada ya dakika chache karibu watu wote waliomo katika baa wamekufa.

Methali yetu yasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa ulimi ulijikwaa ukainuka; kidole ndicho kilichoua, ijapokuwa si kidole cha mguu. Nasi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kustaajabu, maana hesabu ya vidole hutofautiana baina ya makabila yetu, na mzee aliye makini aweza kumjua mgeni sokoni kabla hajafungua kinywa. Kadhalika katika lahaja zetu: mtu wa Mvita husema ndoo mahali ambapo mtu wa Unguja husema njoo, na husema kuteka mahali ambapo mwenzake husema kucheka. Neno moja latosha kumtaja mtu kwao. Tofauti ni kwamba kwetu ujuzi huo huishia aghalabu katika maswali ya nasaba na mzaha, na katika baa ile waliishia kufa.

Limo fumbo jingine katika mwigizaji mwenyewe. Michael Fassbender, aliyemwigiza Hicox, alizaliwa mjini Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1977, akalelewa Ireland. Yaani mtu aliyezaliwa Ujerumani amwigiza Mwingereza anayejifanya Mjerumani lakini asiyeweza kulificha lile lisilo la Kijerumani.

WAITALIA WA UWONGO

Baada ya mauaji ya baa, wasemao Kijerumani katika kikosi wamekwisha. Raine na wenzake wawili wahitaji kuingia katika jumba la sinema, nao hawajui lugha ya kigeni ya kuwafaa. Bridget asema Wajerumani hawana sikio zuri kwa Kiitaliani. Basi watajifanya Waitalia. Landa awapokea mlangoni kwa Kiitaliani chepesi na kirefu, kana kwamba amekulia Rumi. Raine ajibu neno moja la salamu kwa sauti ya milima ya Tennessee, na hapo watazamaji hucheka hata waanguke. Landa awalazimisha kuyatamka majina yao ya uwongo tena na tena, akifurahia kama mwalimu afurahiaye mwanafunzi aliyejiandaa vibaya.

Tukio hili ni ndugu wa tukio la sakafu na la baa, ila limegeuzwa kuwa kichekesho. Katika yote matatu, Landa au mwenzake asikiliza, na anayesema yumo hatarini. Tukichunguza zaidi twaona ya kwamba katika filamu hii hatari haipimwi kwa silaha mtu alizoshika, bali kwa idadi ya lugha azijuazo yule anayemkabili. Landa ajua zote nne, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza na Kiitaliani. Kwa hiyo hapana chumba ambamo yeye si mwenyeji. Tarantino amesema hadharani ya kwamba alikaribia kuiacha kazi hii kwa kukosa mtu wa kuiigiza sehemu ya Landa, mpaka alipompata Christoph Waltz, mzaliwa wa Vienna. Waltz alipewa tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes mwaka 2009, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Oscar kwa sehemu hiyo.

Hata hivyo bingwa huyu ajikwaa mara moja. Amemkamata Raine, afurahi, atumia neno la mchezo wa bahati nasibu ambalo Waingereza hulitamka peke yake kwa furaha, bingo; naye aliweka ndani ya sentensi kamili, akitanguliza kile kijineno wanachokitanguliza mbele ya majina. Raine, asiyejua lugha yoyote ila ya kwao, amsahihisha. Kosa ni dogo mno, na hakuna afaye kwa ajili yake. Lakini latuonyesha mpaka wa elimu ya lugha: sarufi hujifunzwa, msamiati hukusanywa, ila ule msemo wa kila siku humkataa mgeni hata baada ya miaka mingi.

LUGHA YA SHOSANNA

Shosanna hajui Kijerumani. Anapoletwa kwa nguvu mezani pa Goebbels, akaa kimya huku mkalimani akimpelekea kwa Kifaransa maneno ya mtu aliyewatia chuki watu wa taifa zima. Mkalimani huyo ni mwanamke mpole, na upole wake waongeza uchungu: maneno ya Goebbels yafika yakiwa yamesafishwa. Kisha Landa aketi peke yake na Shosanna na kumwagizia maziwa. Hatujui kama amemtambua. Maziwa hayana lugha, lakini Shosanna ameyaelewa.

Kisasi chake nacho ni cha maneno. Katikati ya filamu ya Manazi uso wake watokea pazia zima, na awaambia waliomo ya kwamba watakufa na kwamba Myahudi ndiye atakayewaua. Ajabu ni kwamba asema Kiingereza. Watu waliomo ni Wajerumani. Yeye ni Mfaransa. Wako watakaosema ya kwamba ni kwa ajili ya watazamaji wa Marekani, na yamkini ni hivyo. Lakini tukikumbuka ya kwamba Kiingereza ndicho kilichosemwa juu ya kichwa chake alipolala chini ya sakafu, twaweza kuisoma kwa namna nyingine: lugha iliyotumiwa kuwaziba masikio jamaa zake ameitwaa, ameirudisha kwa wenyewe. Na wakati uso huo unaponena, mwenye uso amekwisha kufa kwa risasi katika chumba cha mashine. Sauti ya maiti yawahukumu walio hai.

KICHEKO CHA MSIBANI

Kiswahili hakina jina lililozoeleka kwa kichekesho cha namna hii, ambamo kicheko na mauti vyakaa katika sahani moja. Tungeweza kukopa jina la Wazungu na kusema kichekesho cheusi, lakini hilo halielezi kitu kwa msemaji wetu. Kwa maoni yetu jina la kicheko cha msibani lafaa zaidi, kwa sababu kitu chenyewe twakijua. Katika utani wa Tanganyika, mtani huruhusiwa kufanya mzaha matangani: humwigiza marehemu, huzuia mazishi mpaka apewe kitu, naye mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Kicheko hicho si dharau kwa maiti. Ni kamba ya kumvuta mfiwa arudi upande wa walio hai.

Lakini tahadhari yahitajika, kwa maana kufanana si kuwa sawa. Utani baina ya makabila huelezwa mara nyingi kuwa ulizaliwa baada ya vita au safari za pamoja: uadui ulikwisha, ukageuzwa mzaha, na mzaha ukawa muhuri wa amani. Baina ya Myahudi na Nazi hapakuwa na amani ya kutiwa muhuri. Wayahudi wapatao 76,000 walipelekwa kutoka Ufaransa kwenye makambi ya mauaji, na waliorudi ni kama 2,500 tu. Charlie Chaplin, aliyemfanyia Hitler dhihaka katika filamu ya mwaka 1940 na kumbunia Kijerumani kisicho na maana, aliandika baadaye ya kwamba kama angalijua hali halisi ya makambi hayo asingaliweza kuifanya dhihaka ile. Tarantino aliyajua yote, naye alicheka. Kwa hiyo wako waliomlaumu: kwamba amewageuza waliodhulumiwa kuwa mfano wa waliowadhulumu, na kwamba amefanya mchezo wa historia isiyochezewa.

Lawama hiyo ina uzito, lakini filamu yenyewe imeitangulia. Katika jumba la Shosanna, Manazi watazama filamu ya askari mmoja aliyewaua maadui 250 kutoka juu ya mnara, na Hitler acheka kwa furaha kila mtu aangukapo. Dakika chache baadaye ni zamu yao kuanguka, na anayecheka ni sisi. Mtazamaji makini hujikuta ameketi katika kiti kilekile. Filamu haimwambii acheke wala asicheke. Yamwachia kusikia kicheko chake mwenyewe kikifanana na cha mtu mwingine.

YALIYOTOKEA KWELI

Kisasi cha filamu ni cha kubuni, lakini yako ya kweli ambayo lugha ilifanya kazi yake. Katika kambi ya Ritchie, jimbo la Maryland, jeshi la Marekani liliwafundisha upelelezi wakimbizi wengi waliojua Kijerumani. Kati yao walikuwamo Wayahudi wapatao 2,000 wazaliwa wa Ujerumani na Austria. Silaha yao kubwa ilikuwa lugha ya nyumbani walikofukuzwa: waliwahoji mateka, wakajua kwa lafudhi tu askari atoka wapi. Frederick Mayer, Myahudi aliyezaliwa Freiburg mwaka 1921, alitua kwa mwavuli katika milima ya Austria mwezi wa Februari 1945, akavaa sare ya afisa wa Kijerumani, akakaa Innsbruck akikusanya habari miongoni mwa maafisa. Yeye hakuhitaji kijiji cha kubuni chini ya mlima. Alikamatwa baadaye, akateswa, na mwishowe alikuwa miongoni mwa waliouwezesha mji huo kusalimu amri bila ya vita mwezi wa Mei 1945.

Upande wa pili nao ulijaribu. Mwezi wa Desemba 1944 Otto Skorzeny aliwapeleka nyuma ya safu za Wamarekani askari wa Kijerumani waliovaa sare za Kimarekani. Wachache sana kati yao walijua Kiingereza cha mitaani. Walinzi wa Marekani wakaanza kumwuliza kila mpitaji habari za mchezo wa besiboli na miji mikuu ya majimbo yao: vivuko vya Yordani vimerudi.

Na kisasi chenyewe? Kundi dogo la Wayahudi walionusurika, likiongozwa na Abba Kovner, lilitia sumu katika mikate ya wafungwa wa SS karibu na Nuremberg mwezi wa Aprili 1946. Wafungwa wengi waliugua. Hakuna kifo kilichothibitishwa. Hali ya kweli haikumpa aliyedhulumiwa mwisho mzuri wa sinema. Pengine ndiyo sababu sinema iliubuni.

KAZI YA MFASIRI

Sasa twafika kwenye swali letu. Katika vibanda vya video vya miji ya Afrika ya Mashariki pamekuwako mafundi wa kufasiri filamu kwa sauti: mtu mmoja husimulia juu ya picha, akiwasemea watu wote kwa Kiswahili. Ni ufundi wa kusifiwa, nao una asili katika usimulizi wetu wa hadithi. Lakini kwa filamu hii ufundi huo ungeweza kuwa msiba. Landa akisema Kiswahili na mfugaji, kisha akaomba kubadili lugha na kuendelea kwa Kiswahili, mtego umefutika; waliomo chini ya sakafu wanakufa bila ya sababu. Hicox akisema Kiswahili sanifu, Hellstrom hana la kushuku. Kufasiri kila neno kungekuwa kuipoteza kazi yote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, sauti za asili ziachwe zisikike, na Kiswahili kiwekwe kwa maandishi chini ya picha, kikitaja kila mara lugha inapogeuka. Msimulizi wa kibandani ana nafasi nzuri kuliko maandishi katika jambo hili, maana yeye aweza kunyamaza na kuacha watu wasikie, kisha akasema: sasa ameiacha lugha ya wenyeji. Pili, adabu ya Landa ifasiriwe kwa adabu ya pwani iliyo kamili, kwa hodi, kwa idhini yako, kwa radhi; asipunguziwe hata neno, kwa sababu upole wake ndio ukatili wake. Tatu, lafudhi ya Raine isigeuzwe lafudhi ya kabila fulani la kwetu kwa kutafuta kicheko. Michezo yetu ya kuchekesha imezoea kumdhihaki mtu kwa matamshi yake. Filamu hii, kuliko nyingine yoyote tuijuayo, yatuonyesha mwisho wa njia ya kumpima mtu kwa matamshi. Tena Raine haonei haya lafudhi yake. Ni watu wengine wanaoficha za kwao.

Jina la filamu ni fumbo la mwisho. Maneno yote mawili yameandikwa kwa makosa makusudi. Mwanaharamu ndilo neno letu la tusi hilo, na wasio na sifa yaweza kuchukua nafasi ya neno la kwanza. Ila tutakoseaje? Kiingereza huandikwa mbali na kinavyotamkwa, kwa hiyo mwandishi aweza kukosea herufi bila ya kugusa sauti. Kiswahili huandikwa karibu sana na kinavyotamkwa. Tukiandika wanaaramu tumemchora mtu asiyeitamka h, na kosa la kalamu limekuwa kosa la ulimi, yaani lafudhi, yaani kwao. Lugha yetu hairuhusu kosa lisilo na mwenyewe. Ni afadhali jina liachwe kama lilivyo.

Wasomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wamekwisha kukutana na Myahudi aliyetafuta kisasi akashindwa kwa neno moja lililokosekana katika hati. Katika Inglourious Basterds hati imegeuzwa. Mwisho wake Landa, kwa ulimi wake mwepesi, ajipatia mapatano mazuri na Wamarekani: asamehewe, apewe uraia, nishani na nyumba kisiwani. Raine hawezi kumshinda kwa maneno, wala hajaribu. Amwuliza kama ataivua sare yake, kisha atoa kisu na kumkata alama kipajini.

Katika baa ile watu walicheza mchezo wa kubandikana karata kipajini, kila mmoja akiwa na jina lisomwalo na wote ila yeye mwenyewe. Landa sasa amebandikwa yake. Alijua lugha nne na katika kila moja aliweza kuwa mtu mwingine. Alama hiyo haihitaji mkalimani, wala hapana lugha atakayoweza kuikana kwayo.